Yeronimo wa Bethlehemu na Jina la Lusifa

Ni wachache miongoni mwa waliolelewa katika dini ya Kikristo wasiolijua jina la Lusifa. Wamefundishwa kuwa hapo zamani alikuwa malaika mkuu, mwenye uzuri kupita malaika wote. Kwamba aliingiwa na kiburi, akatamani kukaa mahali pa Mungu, akatupwa kutoka mbinguni, na kwamba yeye ndiye Shetani anayewapoteza wanadamu hadi leo. Wengi hudhani habari hii imeandikwa wazi katika Biblia, pamoja na jina hilo.

Siku moja mwanafunzi wangu, aliyezaliwa na kukulia katika nyumba ya Wakristo, alinijia akiwa na Biblia yake ya Kiswahili mkononi. Alikuwa amelitafuta jina la Lusifa tangu kitabu cha kwanza hata cha mwisho, asilipate. Alifadhaika, akataka kujua ni nani aliyeliondoa. Nilimwambia kuwa hakuna aliyeliondoa, na kwamba kama anataka kujua lilikotoka yampasa kwanza ayasome maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mtu huyo ni Hieronymus, ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Yeronimo. Nayaandika hapa maisha yake kwa ufupi, kwa faida ya wote wanaotafuta ukweli.

Kuzaliwa na masomo yake

Yeronimo alizaliwa yapata mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridon, uliokuwa mpakani mwa majimbo mawili ya Dola ya Kirumi, Dalmatia na Pannonia. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali ya kutosha, nao walimpeleka Roma angali kijana ili apate elimu bora ya zama zile. Huko alisoma kwa Aelius Donatus, mwalimu wa sarufi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote. Alikipenda mno Kilatini kizuri cha waandishi wa kale, hasa Cicero, akajinunulia na kujinakilia vitabu ambavyo hakuachana navyo katika safari zake. Siku za Jumapili alizoea kushuka pamoja na wenzake katika mapango ya chini ya ardhi walimozikwa mashahidi wa Kikristo, akitembea gizani baina ya makaburi. Alibatizwa huko huko Roma akiwa kijana wa miaka ishirini hivi.

Baada ya masomo alisafiri mpaka Trier, kisha akakaa Aquileia pamoja na marafiki waliotamani maisha ya utawa. Mmoja wao alikuwa Rufinus, ambaye baadaye aligeuka kuwa adui yake mkubwa. Yapata mwaka 374 Yeronimo alikuwa Antiokia, katika nchi ya Shamu, mahali ambapo homa iliwaua rafiki zake na kumwacha yeye mwenyewe karibu na kufa. Katika ugonjwa huo aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote. Aliona amesimamishwa mbele ya Hakimu wa mbinguni, akaulizwa dini yake. Alipojibu kuwa yeye ni Mkristo, aliambiwa kuwa anasema uongo, kwa kuwa yeye ni mfuasi wa Cicero. Kisha akachapwa mijeledi. Aliapa kuacha vitabu vya wapagani na kuyashika Maandiko.

Jangwani, na mwanzo wa Kiebrania

Aliondoka Antiokia akaenda kukaa katika jangwa la Chalkis, miongoni mwa watawa wa Shamu. Alifunga sana, akala chakula duni, na mwili wake ukadhoofu; lakini fikira za anasa za Roma hazikumwacha. Ili kuitiisha nafsi yake aliamua kuishughulisha na kazi ngumu kuliko zote alizoweza kuipata, nayo ilikuwa ni kujifunza Kiebrania. Mwalimu wake alikuwa Myahudi aliyeingia Ukristo. Yeronimo, aliyezoea ufasaha wa Kilatini, sasa alikaa kama mtoto mdogo mbele ya herufi ngeni na sauti za kooni zilizomchosha ulimi. Mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akaanza tena.

Ni watu wachache sana katika Kanisa la zama zile, hasa upande wa Kilatini, waliojitia katika taabu hiyo. Wakristo waliisoma Agano la Kale katika tafsiri ya Kiyunani iliyofanywa na Wayahudi kabla ya zama za Yesu (a.s.), na Walatini walikuwa na tafsiri zilizotolewa katika hiyo ya Kiyunani. Yaani walisoma tafsiri ya tafsiri, na wengi wao walidhani kuwa hakuna haja ya kwenda mbali zaidi.

Huko Antiokia Yeronimo alipewa upadre na Askofu Paulinus. Msomaji na alikumbuke jina hili, maana tutalirudia. Kutoka hapo alikwenda Konstantinopoli kusoma kwa Gregorio wa Nazianzo, na mwaka 382 akarudi Roma.

Roma na Papa Damasus

Papa Damasus alimfanya mwandishi wake. Wakati huo nakala za Injili za Kilatini zilihitilafiana sana, hata ikawa karibu kila nakala ni kitabu kingine. Damasus alimpa Yeronimo kazi ya kuzisahihisha kwa kuzilinganisha na Kiyunani. Yeronimo alijua kuwa watu watamlaani, kwani mtu aliyezoea maneno fulani tangu utoto huona kila badiliko kuwa ni kufuru. Na ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa mtu mwenye ulimi mkali. Aliwakemea mapadre wa Roma kwa kupenda zawadi, mavazi na nyumba za matajiri, nao hawakumsamehe. Walimshuku pia kwa sababu ya urafiki wake na wanawake wacha Mungu wa ukoo bora, kama vile Marcella, na Paula pamoja na binti zake, waliokuwa wakisoma Maandiko kwake. Blesilla, binti wa Paula, alipofariki baada ya kujidhoofisha kwa kufunga, watu walimlaumu Yeronimo. Damasus alifariki mwezi wa Desemba mwaka 384, na mlinzi wake akawa hayupo tena. Mwezi wa Agosti mwaka 385 alipanda merikebu akaiaga Roma, asirudi tena.

Miaka thelathini na zaidi Bethlehemu

Paula na binti yake Eustochium walimfuata. Baada ya kuzuru Nchi Takatifu na Misri walikaa Bethlehemu tangu mwaka 386. Kwa mali ya Paula zilijengwa nyumba za watawa, za wanaume na za wanawake, pamoja na nyumba ya kupokea wasafiri. Hapo, karibu na pango ambalo Wakristo wanaamini ndimo alimozaliwa Yesu (a.s.), Yeronimo alifanya kazi iliyomletea sifa duniani.

Mwanzoni alisahihisha tu tafsiri ya zamani kwa kuilinganisha na Kiyunani. Lakini kadiri alivyoendelea aliona kuwa mto hauwezi kusafishwa mahali unapoingia baharini. Lazima mtu apande mpaka kwenye chemchemi. Basi tangu yapata mwaka 390 hata mwaka 405 alifasiri Agano la Kale upya, moja kwa moja kutoka katika Kiebrania. Aliwalipa walimu wa Kiyahudi. Mmoja, aliyeitwa Baraninas, alimjia usiku, kwa kuwa aliwaogopa Wayahudi wenzake. Na kwa ajili ya kitabu cha Ayubu alimwajiri mwalimu kutoka Lida kwa fedha nyingi. Rufinus alimdhihaki kwa hayo, akilipotoa jina la Baraninas kuwa Baraba, yule mnyang'anyi wa katika Injili.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliingiwa na hofu. Alimpa habari ya askofu mmoja katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, aliyesoma tafsiri mpya ya kitabu cha Yona mbele ya waumini wake. Walipofika kwenye mmea uliomtilia Nabii Yunus (a.s.) kivuli, walisikia jina la mmea utambaao ukutani badala ya mmumunye waliouzoea. Ikazuka ghasia kubwa kanisani, na askofu akalazimika kurudisha neno la zamani asije akabaki bila waumini. Kisa hiki chachekesha, lakini ndani yake mna jambo zito: watu hawakuuliza Nabii aliandika nini. Waliuliza wao wamezoea kusikia nini.

Nyota iliyogeuzwa malaika

Sasa tulitazame lile jina. Katika sura ya 14 ya kitabu cha Isaya mna wimbo wa kumsimanga mfalme wa Babeli. Mwenyewe ametajwa waziwazi katika aya ya 4. Mfalme huyo aliyatiisha mataifa, akajiona yu juu ya nyota. Kisha anaporomoka mpaka kuzimu, mabuu wanakuwa kitanda chake, na wanaomtazama wanashangaa kama huyu ndiye yule mtu aliyeitetemesha dunia. Neno linalotumika hapo ni mtu, wala si malaika.

Katika aya ya 12 mfalme huyo anafananishwa na kitu king'aacho, mwana wa alfajiri. Kiebrania chake ni helel. Wafasiri wa Kiyunani walielewa kuwa inakusudiwa ile nyota ing'aayo kabla ya jua kuchomoza, ambayo wanajimu huiita Zuhura. Wakatumia neno la Kiyunani lenye maana ya kileta-alfajiri. Walatini nao walikuwa na neno lao la kawaida kwa nyota hiyo hiyo, nalo ni lucifer, yaani kileta-nuru. Lilitumiwa hivyo katika tafsiri za Kilatini za zamani, na Yeronimo naye akaliweka katika yake.

Mfano wa Nabii ni mzuri mno kwa yeyote aliyewahi kuamka mapema. Zuhura hupanda alfajiri, ikang'aa kupita nyota zote, hata mtu akadhani kuwa ndiyo itakayoitawala mbingu. Lakini mara jua linapochomoza mwanga wake humezwa, isionekane tena. Ndivyo ulivyo ufalme wa mwenye kiburi. Hakuna jina la Shetani hapo, wala habari za uasi wa malaika.

Na Yeronimo hakulichukua neno lile kuwa ni jina la Shetani. Ushahidi umo katika tafsiri yake mwenyewe. Katika kitabu cha Ayubu ametumia neno hilo hilo la lucifer kwa nyota ambayo Mungu huichomoza kwa wakati wake. Na katika Biblia ya Kilatini, waraka wa pili wa Petro, sura ya 1 aya ya 19, waumini wanaambiwa wangoje mpaka lucifer achomoze mioyoni mwao. Je, yuko Mkristo anayengoja Shetani achomoze moyoni mwake? Bila shaka maana yake ni nyota ya alfajiri, na Wakristo huielewa kuwa ni ishara ya Yesu (a.s.), ambaye katika kitabu cha Ufunuo anatajwa kuwa nyota ya asubuhi.

Upo na ushahidi mwingine wa kushangaza. Nilimwomba msomaji alikumbuke jina la Paulinus, askofu aliyempa Yeronimo upadre. Paulinus huyo alifanywa kuwa askofu mwaka 362 na askofu wa Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, ambaye jina lake lilikuwa Lucifer! Alikuwa mtetezi mkali wa imani ya Utatu, na alipofariki, karibu na mwaka 370, aliacha wafuasi walioitwa Waluciferi. Yeronimo aliandika kitabu cha kujadiliana nao, lakini ubishi wao ulihusu wale waliostahili kurudishwa katika Kanisa. Katika zama hizo wazazi waliweza kumpa mtoto wao jina hilo na Kanisa likamfanya askofu, kama vile watu wa pwani wanavyomwita binti yao Zuhura.

Basi jina la nyota lilipataje kuwa jina la Shetani?

Mapokeo yalivyolishinda neno

Kabla ya Yeronimo walikuwapo walimu wa Kikristo walioyaunganisha maneno ya Isaya na maneno ya Injili ya Luka, sura ya 10, ambapo Yesu (a.s.) anasema habari ya Shetani kuanguka kama umeme. Tertullian wa Karthago na Origen wa Aleksandria, wote wa karne ya tatu, walikuwa miongoni mwao. Walichukua pia sura ya 28 ya Ezekieli, inayomhusu mfalme wa Tiro, wakaifasiri vivyo hivyo. Waliona kuwa maneno makubwa kama haya hayawezi kumhusu mwanadamu tu, basi lazima nyuma ya mfalme asimame malaika muasi.

Yeronimo alilelewa katika mapokeo hayo, naye mwenyewe katika barua na maandishi yake aliitumia aya hiyo kwa Shetani. Hapa haki inatulazimisha tuseme mambo yote mawili. Yeye ndiye aliyeijua Biblia ya Kiebrania kuliko mwalimu mwingine yeyote wa Kilatini. Na katika maelezo yake makubwa ya kitabu cha Isaya, aliyoyaandika baina ya mwaka 408 na 410, alikiri kuwa Kiebrania kikifuatwa neno kwa neno chaweza kusomwa kwa namna nyingine kabisa, kuwa ni amri ya kulia na kuomboleza, wala si nyota. Mfasiri Myahudi Aquila alikuwa amelielewa hivyo. Yaani Yeronimo alijua kuwa neno lenyewe lina mashaka, na hakuficha. Lakini aliliandika jambo hilo katika kitabu cha maelezo, kinachosomwa na wanazuoni wachache. Neno lucifer lilikuwa katika tafsiri, nayo ilisomwa katika kila kanisa la magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maelezo yalibaki kabatini, tafsiri ikasafiri.

Watu wasiojua Kiebrania wala Kiyunani, na hatimaye hata Kilatini chenyewe kilipokoma kusemwa majumbani, walisikia neno hilo likisomwa kama jina la mtu. Mwalimu aliwaambia kuwa aya hii yamhusu Shetani. Wakafikiri, basi jina lake la zamani ni Lucifer. Dante, mshairi wa Italia, alimweka Lucifer katika kina cha Jahannamu mwanzoni mwa karne ya 14, na Milton wa Uingereza akalitumia jina hilo katika utenzi wake wa mwaka 1667. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliliacha neno la Kilatini kama lilivyo ndani ya Kiingereza chao, na kwa njia hiyo likaenea popote walipokwenda wamisionari wa Kiingereza.

Hata hivyo wanazuoni wakubwa wa Kikristo walilipinga jambo hili. Luther alipofasiri kwa Kijerumani aliandika nyota ya asubuhi. Calvin, katika maelezo yake ya Isaya, aliwalaumu vikali waliodhani kuwa Lucifer ni mfalme wa mashetani, akasema kuwa ni ujinga. Tafsiri ya Kiingereza iliyosahihishwa mwaka 1885 ikaliondoa jina hilo. Na Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, ile aliyokuwa nayo mwanafunzi wangu, imeandika nyota ya alfajiri. Ndiyo maana hakuliona jina la Lusifa. Wafasiri wake hawakuficha neno, walilifasiri.

Jina lililotoweka na majina mengine

Haya si mahali pekee. Neno la Kiebrania satan maana yake ni mpinzani, na katika Agano la Kale hutumiwa hata kwa wanadamu. Wafilisti walihofu Daudi asiwe satan kwao vitani. Hadadi Mwedomi alikuwa satan kwa Sulemani. Na malaika wa Mungu mwenyewe alisimama njiani awe satan kwa Balaamu. Katika mahali hapa Yeronimo aliifasiri maana, akaandika adui au kusimama dhidi yake. Lakini katika kitabu cha Ayubu, ambapo Kiebrania kina kitambulishi mbele ya neno, yaani yule mpinzani, kama kusema mwendesha mashtaka katika baraza, aliliacha neno lenyewe kama jina. Kilatini hakina kitambulishi cha namna hiyo. Cheo kikageuka kuwa jina la mtu. Msomaji wa Kilatini hakuwa na njia ya kujua kuwa adui wa Sulemani na Shetani wa Ayubu ni neno moja.

Zaburi ya 96 (kwa hesabu ya Kilatini ni ya 95) inasema habari za miungu ya mataifa. Kiebrania chasema kuwa si kitu, ni sanamu tupu; Kiyunani kikasema ni mashetani. Yeronimo alipofasiri Zaburi kutoka katika Kiebrania aliandika sanamu za kuchonga. Lakini Kanisa lilikuwa limekwisha zoea kuimba Zaburi zake za awali, alizozisahihisha kwa Kiyunani, na hizo ndizo zilizobaki katika Biblia ya Kilatini. Hivyo hata pale mfasiri alipokwisha kusahihisha, mazoea ya waimbaji yalimshinda. Watu wa Oea hawakuwa peke yao.

Na katika kitabu cha Walawi, sura ya 16, Kiebrania chamtaja Azazeli, ambaye mbuzi mmoja hupelekwa kwake jangwani. Yeronimo, kama wafasiri wa Kiyunani, alilivunja jina hilo akalifanya kuwa mbuzi afukuzwaye. Basi tazameni ajabu hii: kwa tafsiri, jina lililokuwamo likatoweka, na neno ambalo halikuwa jina likawa jina.

Hapa nasi Waislamu tujitazame. Wangapi miongoni mwa wazee wetu wametusimulia kuwa Iblisi zamani aliitwa Azazili, na kwamba alikuwa mwalimu wa malaika? Jina hilo halimo katika Kurani Tukufu. Limeingia katika visa vyetu kutoka kwa watu wa Kitabu. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Kahf, yasema wazi kuwa Iblisi alikuwa miongoni mwa majini. Na katika Sura At-Tahrim yaeleza kuwa malaika hawamwasi Mwenyezi Mungu kwa lile alilowaamuru. Habari ya malaika muasi haimo humo. Lakini mtu asiyesoma Kitabu chake, akatosheka na masimulizi ya barazani, yu katika hali ile ile ya yule aliyelitafuta jina la Lusifa asilipate.

Siku za mwisho

Uzee wa Yeronimo ulikuwa wa huzuni. Paula alifariki mwaka 404. Mwaka 410 habari zilifika Bethlehemu kuwa Wagothi wameiteka na kuipora Roma, na wakimbizi wakaja mpaka mlangoni kwake kuomba chakula. Aliacha kuandika kwa muda ili awahudumie. Macho yake yalidhoofu hata hakuweza kusoma herufi za Kiebrania usiku kwa mwanga wa taa, na ikambidi asomewe, naye aseme maneno yaandikwe na makarani. Mwaka 416 kundi la watu wenye silaha lilizishambulia nyumba za watawa na kuzichoma moto. Alifariki Bethlehemu tarehe 30 Septemba mwaka 420.

Tafsiri yake, iliyopingwa alipokuwa hai, polepole ilishinda. Ndiyo Biblia iliyopigwa chapa na Gutenberg huko Mainz yapata mwaka 1455, na mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliitangaza kuwa ndiyo ya kutegemewa katika Kanisa Katoliki. Mtu aliyewaambia watu warudi kwenye chemchemi, kitabu chake chenyewe kikafanywa kuwa chemchemi, na wachache tu wakauliza Kiebrania chasemaje.

Mafunzo kwetu

Ndugu wasomaji, sikuyaandika haya ili mtu apate maneno ya kumfedhehesha jirani yake Mkristo. Yeronimo alijitaabisha kwa ajili ya kitabu alichokiamini kwa miaka mingi, akakaa chini ya walimu wa kabila lililodharauliwa na wenzake, akatukanwa, na hakuacha. Watafutao elimu ya dini wangefaidika kumwiga katika subira hiyo.

Lakini maisha yake yatuonya pia. Mwanachuoni mkubwa anaweza kulijua neno sawasawa, kisha mapokeo aliyokuta yakamvuta mkono. Na tafsiri, hata ikifanywa kwa uaminifu, ni kivuli cha asili. Mtu akikipoteza kile chenye kutoa kivuli, hana namna ya kujua kama kivuli kimerefuka au kimepinda. Kwa hiyo yeyote asomaye tafsiri ya Kitabu cha Mungu, chochote kile, na ahakikishe asili ipo kando yake, na ajifunze lugha yake japo herufi kwa herufi, kama alivyofanya mzee yule jangwani.

Mwanafunzi wangu alipomaliza kunisikiliza, aliifungua tena Biblia yake mahali pale, akaisoma sura nzima ya 14 tangu mwanzo. Alisema kuwa kwa mara ya kwanza amemwona mfalme wa Babeli. Kisha akauliza darasa la Kiarabu laanza saa ngapi.

Mwenyezi Mungu atujalie kuipenda haki popote tunapoikuta, na atuepushe na kiburi, ambacho ndicho kilichomwangusha yule mfalme, na ndicho kilichomwangusha Iblisi. Amin.